Ndevu Ndani ya Glasi

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Nikakiacha kizingitini nikaenda kusimama katikati ya kitalu kunusa ile harufu ya udongo unaolowa, na niliporudi chai ilikuwa imejaa maji ya mvua. Watu wana manukato yao. Mimi yangu ndiyo hayo.

Kila msimu wa mvua huandika humu nilichokiatika na siku nilipokiatika. Basi: mipapai, trei mbili. Mipera, trei moja. Mbegu za mipera sizipendi sura, lakini tutaona.

Mwaka huu naona nitaandika na mengine. Mjukuu wangu ametoka hospitali wiki iliyopita. Ana saratani ya damu. Haya, nimeiandika, nilikuwa naizungukazunguka. Ana miaka minane, na tangu alipojua kusema hajawahi kufunga mdomo, ndiyo maana tunamwita Chiriku. Daktari anasema ugonjwa umerudi nyuma, ila dawa zitaendelea muda mrefu, na dawa hizo zinafagia kila kitu, kibaya na kizuri. Damu yake sasa haina walinzi. Kijidudu ambacho mimi ningekipiga chafya moja kikaenda zake, yeye kinaweza kumwangusha.

"Bibi," daktari aliniambia, "kwa sasa ninachokiogopa kuliko saratani yenyewe ni homa."

Ijumaa, 7 Machi

Mkamwana wangu amebandika karatasi ya hospitali kwenye mlango wa chumba cha mtoto. Kunawa mikono mpaka viwiko. Kubadili nguo. Mwenye mafua asiingie. Matunda ya kumenya tu. Hakuna udongo wala mimea ya chunguni. Joto likifika thelathini na nane, hospitali papo hapo, na asipewe dawa ya homa kwanza, kwa sababu dawa inashusha joto halafu inaficha vita vinavyopiganwa ndani.

Chini ya hapo ameongeza mwenyewe kwa kalamu nyekundu: *Hata kijiko kimoja, Mama. Tafadhali.*

Mama ni mimi. Nimelea watoto watano kwa chupa ya dawa ya homa, na baba wa huyo Chiriku alikuwa anakula udongo kwa viganja viwili, leo ana kifua kama kabati. Sasa naandikiwa kwa kalamu nyekundu kama mtoto wa shule. Nimenuna mchana kutwa. Mbele yake naendelea kumwita Mama Chiriku. Humu ndani atakuwa Askari.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Mipapai bado.

Jumamosi, 15 Machi

Chumba cha Chiriku kinatazama kitalu. Dirisha haliruhusiwi kufunguliwa, kwa hiyo tunaongea kwenye kioo, yeye ndani, mimi nje na jembe langu dogo. Anapuliza pumzi, kioo kinafanya ukungu, anachora humo jani, anachora jua, anachora mimi na pua kubwa. Halafu ukungu unatoweka na michoro yote inakwenda, anaanza tena.

Leo mteja alikuja kutafuta mche wa mlimao. Nikamchagulia. Akagonga kioo huyo mtoto:

"Usichukue huo! Mzizi wake umepinda! Bibi mwenyewe alisema jana!"

Mteja akanitazama. Nikatazama mawingu. Akaondoka na mche mwingine, tena kwa kicheko, na Chiriku akampungia mkono kama mwenye duka.

Nywele zimeisha zote. Mama yake, ambaye anashona nyumbani, amemtengenezea kofia za vitambaa vilivyobaki, kila siku rangi yake. Leo alikuwa na ya kijani. Nikiwa mbali niliona kichwa kile cha kijani kikitembea nyuma ya kioo chenye mvua, nikashindwa kujua kama ni mtoto ninayemwona au ni kitalu changu mwenyewe kinachoakisi.

Jumatano, 19 Machi

Nilisinzia mchana kwenye magunia ya mboji. Mvua ilikuwa inagonga bati polepole. Nikaota inanyesha chumbani kwa Chiriku, juu ya kitanda, na yeye anacheka, na kichwani mwake nywele zinachipua mbilimbili kama mipapai, laini, zinainama upande wa dirisha. Nikawa nasema, usizimwagilie sana, usizimwagilie sana. Nilipoamka mkono wangu ulikuwa ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko.

Mipapai imechipua. Mipera bado. Nilisema sizipendi sura.

Jumamosi, 22 Machi

Chiriku anataka mche wake. Wa kwake mwenyewe, ndani, auone ukikua, siyo huku nje "ambako kila kitu ni chako, Bibi."

Askari akasema hapana kabla hata sijafungua mdomo. Alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Udongo una kuvu, Mama. Kuvu likiingia kifuani mwake hatutalitoa." Najua udongo una nini. Nimekaa nao miaka arobaini. Lakini mtoto alikuwa ameshika mikono yake miwili pamoja kama anayeomba, na mwanamke yule anashona tu, tatatata, tatatata. Kuna watu mioyo yao imeshonwa kwa uzi wa nailoni.

Jumanne, 25 Machi

Nimemshinda Askari!

Wazo lilinijia asubuhi nikipogoa mrehani. Mrehani hauna haja na udongo. Kata kikonyo, kitumbukize kwenye maji, kitatoa mizizi chenyewe. Nikachukua glasi ya kioo, nikaiosha kwa sabuni, nikatia maji yaliyochemshwa yakapoa. Kikonyo nikakisuuza jani kwa jani. Nikanawa mpaka viwiko, nikabadili nguo, nikaingia kama bibi harusi.

"Hicho nini?" Askari akauliza.

"Mrehani."

"Mama, si tulisema..."

"Tulisema udongo. Udongo uko wapi hapa? Nionyeshe."

Akaichukua glasi, akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza. Maji yalikuwa safi kama machozi. "Umemuuliza daktari?"

"Nimuulize nini? Kwamba maji ya kunywa yana udongo?"

Akamtazama mwanawe. Chiriku alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili asije akaharibu. Nikaona bega la Askari limeshuka kidogo, kama mtu anayetua ndoo.

"Haya. Lakini ikae dirishani, mbali na kitanda."

Chumba kizima kinanukia. Mwanangu, baba wa Chiriku, ambaye kazi yake iko mbali na hurudi mara chache, amepiga simu jioni. Chiriku hakumpa nafasi ya kusema hata salamu.

Jumanne, 1 Aprili

Ndevu zimetoka!

Ndivyo alivyopiga kelele, nikaacha mteja nikakimbia dirishani. Mizizi imeanza kuning'inia ndani ya maji, myeupe, myembamba. Ukutani mle ndani kuna picha ya marehemu mume wangu, aliyekuwa na ndevu nyeupe mpaka kifuani, na mjukuu wake huyu ananiita mke mwenzake tangu alipokuwa anatambaa.

"Mke mwenzangu, njoo uone! Ndevu za mume wetu!"

"Zichane vizuri," nikamwambia kwenye kioo. "Alikuwa anapenda zichanwe."

Asubuhi jua likitoka kidogo kati ya mvua na mvua, linapita kwenye ile glasi na kuangusha doa la kijani kwenye shuka. Doa linatembea. Linapanda goti lake, linavuka mkono, linafika kwenye shingo, halafu mawingu yanalifuta. Mtoto analala ndani ya mwanga huo macho yakiwa nusu wazi. Nami nje nasimama na ndoo mkononi nasahau nilikuwa naipeleka wapi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mipera hakuna. Nimemwaga trei.

Jumatano, 9 Aprili

Wiki iliyopita walimpeleka kuchomwa dawa nyingine, na hii ni kali. Mdomo umetoka vidonda. Chiriku anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, na maneno amepunguza, anachagua yaliyo muhimu. Askari anamsafisha mdomo kwa maji ya chumvi, na mtoto akilia anahesabu naye kwa sauti ya chini, moja, mbili, mpaka wanamaliza. Sikujua kwamba huwa anafanya hivyo. Nilifikiri yule anajua kukataza tu.

Mchana nikachungulia dirishani. Chiriku alikuwa ametumbukiza kidole kwenye glasi, anazipapasa ndevu taratibu, huku na huku, amefumba macho. Nilicheka peke yangu.

Maji yamechafuka kidogo. Yanataka kubadilishwa, ila mizizi michanga haipendi kusumbuliwa. Nitayaacha kwanza.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua. Njia ya nyuma imekuwa mto.

Ijumaa, 18 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi. Daftari nimelikuta mfukoni mwa aproni. Nimekuja na aproni niliyoikwapua mlangoni, na viatu vya mpira, na matope.

Jana baada ya chakula cha mchana Mama Chiriku alikwenda hospitali kuchukua dawa za wiki. Mimi nilikuwa kitaluni, dereva anayenisafirishia miche anapakia kwenye gari lake, mvua inamwagika. Nikawa najaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya miche, mikono inafanya, akili imekwenda mbali. Ikanijia tu kwamba kuna kitu kimekosekana. Nikasikiliza. Mvua, bati, dereva anapiga mluzi. Nikatazama dirisha. Kioo kilikuwa safi. Hakuna ukungu, hakuna mchoro.

Niliingia ndani. Nikanawa mpaka viwiko, nikabadili gauni, na kila kifungo nilichofunga nilikilaani. Alikuwa amejikunyata chini ya shuka, meno yanagongana.

"Bibi, baridi."

Paji la uso lilikuwa linawaka. Nikaweka kipimajoto kwapani, nikakitoa, nikakisoma karibu na dirisha, nikakirudisha tena kwa sababu sikutaka kuamini. Thelathini na nane na sita.

Sasa nitaandika kama ilivyokuwa. Nilikwenda chumbani kwangu nikachukua chupa ya dawa ya homa. Nilijiambia, nishushe joto kwanza. Mvua itapungua jioni. Mama yake atarudi, ataamua yeye. Nimefanya hivi kwa watoto watano na wote wako hai. Nikafungua chupa. Nikamimina kijiko kikajaa. Nikarudi nacho, nakibeba polepole kisimwagike, na mlangoni, kwa kuwa nilikuwa natembea taratibu vile, macho yakapata nafasi ya kusoma.

Hata kijiko kimoja, Mama. Tafadhali.

Nilisimama hapo. Si kwamba nilielewa lolote jipya. Nilichoona ni lile *tafadhali*. Mwezi mzima nimelipita nikiwa nimenuna, nikisoma *hata kijiko kimoja* na kuliruka hilo lililofuata. Alikuwa ameniomba. Mwanamke yule alikuwa ananiogopa, na bado akaandika.

Nikamwaga kijiko sakafuni, hapohapo. Nikamfunga Chiriku kwa shuka safi, nikambeba. Hana uzito tena, mtoto yule.

"Washa gari!" nikampigia dereva kelele.

"Bibi, hii miche niishushe kwan..."

"Acha miche! Washa!"

Alipomwona mtoto hakuuliza tena. Alivua shati lake akafuta kiti cha mbele, akaligeuza akafuta tena, halafu akaendesha kifua wazi. Njia ya nyuma ilikuwa haipitiki, tukapita ya juu. Kila tulipokata kona nilisikia miche inaanguka nyuma, mmoja mmoja, inabaki barabarani. Kioo cha mbele kilikuwa maji matupu. Tulikwenda kama watu walio ndani ya ndoto, hatuoni mbele, hatuoni nyuma, na mimi nikawa namwambia mtoto majina ya miti yote ninayoijua, nikimaliza naanza upya. Hakunisahihisha hata mmoja.

Mlangoni nikasema yale maneno ya kwenye karatasi: "Ana saratani ya damu, yuko kwenye dawa, ana homa." Watu wakakimbia. Sindano, damu ya kupimwa, dripu, dawa ya kuua vijidudu, vyote kabla sijapata pa kukaa. Mama Chiriku akatokea mbio kutoka dirisha la dawa, mfuko wa dawa umempasukia, vidonge vinaruka nyuma yake.

Hakuuliza imekuwaje. Aliuliza: "Umempa ile dawa ya homa?"

"Sijampa."

Akaegemea ukuta, akateremka nao mpaka sakafuni, akakaa hapo na magoti yake juu.

Jumamosi, 19 Aprili

Presha imeshuka usiku. Wamemhamishia chumba chenye mashine. Mwanangu amefika asubuhi, hajabadili hata viatu vya kazi. Anatusalimia kwa zamu, mimi na mkewe, kama anatuhesabu.

Chiriku hasemi kitu. Anatazama dari.

Jumatatu, 21 Aprili

Daktari alituita sote watatu. Damu imeotesha kijidudu. Alisema "imeotesha", neno langu mimi, nikaona vibaya kulisikia pale.

"Kijidudu hiki kinapenda maji," alisema. "Maji yaliyotuama. Nyumbani kuna chombo chochote chenye maji karibu na kitanda? Ndoo? Maua?"

Nikamtazama Mama Chiriku. Alikuwa anatazama sakafu, mdomo ameubana. Nikaelewa kwamba hatasema. Angeibeba hiyo moyoni mwake mpaka kaburini na mume wake asijue.

"Iko glasi," nikasema. "Ya mrehani. Niliiweka mimi. Alikuwa anachezea mizizi kwa kidole, na mdomoni ana vidonda."

Daktari akaliandika hilo kwenye faili.

"Bibi, siwezi kukuapia kwamba ni hiyo glasi," daktari akasema. "Vijidudu vya namna hii anaweza kuwa navyo hata tumboni mwake. Lakini maji ya maua haturuhusu hata humu wodini. Yakikaa, yanakuwa nyumba yao."

"Karatasi ilisema udongo."

"Ilisema udongo na mimea ya chunguni. Ingepaswa kusema na maji. Hilo ni letu, tutaliongeza."

Ni mtu mwema, daktari yule. Lakini mimi najua niliulizwa, *umemuuliza daktari?*, nikajibu kwa kejeli. Miaka arobaini nimeona uchafu ni udongo, na maji ni kitu cha kuuondolea. Mtu mwingine yeyote asiyejua kupanda asingeweza kukosea hivi. Angeogopa mmea wote, mzizi na jani, basi. Mimi nilijua mno.

Mwanangu alitoka nje akasimama mvuani. Mama Chiriku alichukua mkoba wake akasema anakwenda nyumbani kuleta nguo za mtoto. Hakunitazama. Atakwenda kuitupa ile glasi, nikawaza, na aitupe mbali. Kama angenitupa na mimi pamoja nayo nisingemlaumu.

Jumatano, 23 Aprili

Bado hajasema.

Alhamisi, 24 Aprili

Wanabadilisha dawa, wanapima, wanaandika. Mimi kazi yangu ni benchi. Mvua inapiga paa la hospitali na masikio yangu yanajua kabisa mche upi unalowa saa hii na upi umelala. Nikasinzia. Nikamwona mume wangu amekaa kando ya kitanda cha mtoto anachana ndevu zake, na kila akichana zinadondosha maji, tone, tone, tone. Nilitaka kumwambia aache, sauti haikutoka. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anachana tu. Nilipoamka, tone lilikuwa la dripu.

Ijumaa, 25 Aprili

Leo Mama Chiriku amekuja kukaa kwenye benchi. Alileta chai kwenye chupa na kikombe kimoja. Akamimina, akanipa, akasubiri nimalize, akajimiminia mwenyewe humohumo.

"Mama, ile siku. Kwa nini hukumpa ile dawa? Mimi nilijua utampa. Tangu dirisha la dawa nilikuwa najua umempa."

"Uliandika tafadhali."

Akaanza kucheka, kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine, akafuta uso kwa kanga. Daktari, akasema, amemwambia kwamba kama joto lingeshushwa tukasubiri mpaka jioni, leo tungekuwa tunaongea mengine.

"Nilipoandika vile niliogopa utanuna," akasema.

"Nilinuna. Nilinuna mwezi mzima."

"Najua. Nilikuona unavyoshika sufuria."

Tukakaa. Mimi nikasema, nisamehewe ile glasi, au nisisamehewe, lakini nisinyamaziwe. Nilisema vibaya, maneno yaligongana, ila nilisema.

"Glasi niliruhusu mimi pia, Mama. Nilijua napaswa kukataa. Nilikuwa nimechoka kuwa askari."

Nikashtuka. "Askari?"

"Si ndivyo unavyoniita? Unaandika huku unasoma kwa sauti. Chiriku ananiambia kila kitu."

Ningependa ardhi ipasuke, lakini ilikuwa ya vigae.

Jumamosi, 26 Aprili

Homa imeshuka tangu jana jioni, na haijapanda. Chembechembe nyeupe za damu zimeanza kurudi, chache, lakini zimeanza.

Niliruhusiwa kuingia, barakoa usoni, mikono imesuguliwa mpaka imekuwa myekundu. Nikakaa kando ya kitanda. Mwanga ulikuwa hafifu, wa mawingu, mashine inapumua. Usingizi ukanipitia. Nikasikia sauti kama ya karatasi inayokunjuliwa.

"Mke mwenzangu. Unakoroma."

Nililia mbele ya nesi, mbele ya mwanangu, mbele ya kila mtu. Chiriku akanitazama kwa utulivu kabisa, akangoja nimalize, halafu akauliza: "Ndevu zetu zipo?"

Nikatazama barakoa za watu.

"Zipo," Mama yake akasema kutoka upande wa pili wa kitanda. "Zinakungoja."

Nikajua amesema ili mtoto alale.

Jumapili, 27 Aprili

Ameongea kutwa nzima. Nesi ameomba radhi akatoka nje kupumzika.

Jumamosi, 3 Mei

Tumerudi nyumbani. Mtoto amewekwa kitandani, chumba kimepigwa deki, karatasi mpya iko mlangoni, na kwenye kanuni za hospitali sasa kuna mstari wa maji. Nyekundu hakuna. Nilitafuta.

Nikaenda kitaluni kuona kilichobaki. Mipapai imerefuka bila mimi, imekuwa mashina matupu. Nikazunguka upande wa dirisha la Chiriku, na hapo chini ya kioo, nje, upenuni, nikakuta kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo kuna mrehani.

Nilichuchumaa. Nani kaupanda? Dereva anajua zaidi ya hivi. Ulikuwa umezikwa mpaka shingoni, majani ya chini yote yamo ndani ya udongo. Udongo wenyewe si mboji, ni matope ya njiani, umekandamizwa kwa ngumi kama mtu anayesimika nguzo. Alama za vidole bado zipo. Vidole vyembamba. Kimoja kina alama ya kidude cha kushonea, kile wanachovaa washonaji sindano isiwachome.

Siku ile alipoondoka bila kunitazama ndipo alipofanya hivi. Mtoto wake yuko kwenye mashine, naye amekuja hapa mvuani, mtu anayeuogopa udongo kuliko nyoka, akatoa ile mizizi ndani ya glasi na kuifukia kwa mikono yake. Angeweza kuitupa. Mimi ningeitupa.

Nilikaa pale mpaka magoti yakaniuma.

Jumanne, 6 Mei

Mvua zimekuwa za kupita. Jua linakaa muda mrefu zaidi kwenye kioo.

Chiriku amepewa ruhusa ya kukaa kwenye kiti cha dirishani. Kofia leo ni ya njano. Jambo la kwanza amepuliza ukungu. La pili ameona kopo.

"Bibi! Huo mrehani wetu nani kaupanda?"

"Mama yako."

"Kaupanda vibaya! Umezama! Na udongo si wenyewe! Ung'oe, Bibi, uupande upya!"

Nyuma yake, ndani, Mama Chiriku alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia kioo mkononi. Alikuwa amesikia. Hakusogea, alikuwa anangoja tu, uso umemwiva. Wote wawili wanajua kwamba mimi mche uliopandwa vibaya siwezi kuupita hata kwenye uwanja wa jirani.

"Nani kakwambia umepandwa vibaya?" nikasema, kwa nguvu, usikike mpaka ndani. "Hebu ona. Umepandwa sawasawa."

"Bibi! Lakini wewe unasema kila siku shingo..."

"Sawasawa kabisa. Mimi mwenyewe nisingeupanda tofauti."

Chiriku akafungua mdomo, akaufunga. Mama yake akaanza kufuta kioo, mahali pamoja, muda mrefu.

Walipokwenda kula nilichukua msumari nikatoboa matundu chini ya kopo, kwa upande wa ukutani, maji yapate pa kutokea. Hayo tu. Udongo sikuugusa, majani sikuyafukua.

Jumatano, 14 Mei

Kesho Chiriku anarudi hospitali kwa dawa nyingine, na damu itashuka tena, na tutaanza upya kunawa na kupima na kuogopa. Mimi na Mama yake tumegawana zamu. Mvua imekatika. Nafunga msimu:

Mipapai, trei mbili, imeota. Mipera, hakuna. Mrehani, kopo moja, umepandwa na mkamwana wangu. Umeshika.